Karatasi ya Kijiko

Zamani mgonjwa asiyepona alizungukwa na watu waliomjua tangu hana meno, nao walimkumbusha maisha yake bila kuombwa; siku hizi anapangiwa muda wa saa moja kila Jumatano, katika chumba cha viti vya plastiki, mbele ya watu asiowajua, na binti mwenye daftari humwambia, "Haya baba, leo tukumbuke."

Nilikichukia chumba kile tangu siku ya kwanza. Ukutani walikuwa wamebandika picha ya ua la njano ambalo halioti popote ninapopajua, na pembeni palikuwa na feni iliyokohoa kuliko wagonjwa. Lakini nilikwenda, Jumatano baada ya Jumatano, kwa sababu ya Uzi. Na Uzi inafaa mumjue kwanza, maana katika kile kijitabu alichotengenezewa hospitali hamna hata nusu yake.

Uzi lilikuwa jina la karakanani. Alilipata kwa sababu mbili. Ya kwanza, alikuwa mwembamba kiasi kwamba tulimwonya asisimame karibu na tundu la sindano. Ya pili, hakugusa gundi. Sisi wengine tulitumia gundi mahali ambapo mteja hataona; yeye alishona. Alipaka uzi nta, akatoboa ngozi, akavuta mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. "Gundi ni ahadi ya mlevi," alikuwa akisema. Nasi tukimjibu, "Ndiyo maana wateja wako wanapokea viatu wakiwa wameshazeeka."

Tulikuwa watatu: fundi mkuu aliyetufundisha sote, Uzi, na mimi. Fundi mkuu hakujua kusoma. Uzi alijua kidogo. Mimi nilikaa darasani miaka miwili tu. Kusoma nilijifunzia palepale karakanani, kwenye magazeti makuukuu tuliyofungia viatu vilivyokwisha. Nilisoma habari za vita ambavyo vilikuwa vimekwisha zamani, nikawasimulia wenzangu kama za jana. Dada yake Uzi, aliyekuwa akituletea chakula cha mchana, aliniita Profesa wa Vifungashio. Jina hilo hajaliacha hadi leo.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mteja alivua kiatu, akasimama juu ya karatasi ya kaki, nasi tukapitisha penseli kuuzunguka mguu. Penseli husimama wima kama askari; ikiinamia ndani kiatu kitabana, ikiinamia nje kitapwaya. Kwa kuwa fundi mkuu hakusoma, hatukuandika majina. Kila karatasi ilichorwa alama: kinyozi alama ya kitana, karani alama ya muhuri, na mama mmoja mbishi tulimchorea kuku, naye alikufa bila kujua. Karatasi zilitobolewa na kutundikwa kwenye misumari, kila msumari na mtaa wake. Mtu akirudi baada ya miaka mitano, tunauliza tu, "Umeongezeka?" Kisha tunateremsha mguu wake.

Palikuwa na sheria moja ambayo fundi mkuu hakuikubalia mzaha. Mteja akifa, karatasi yake huteremshwa na kuchomwa siku hiyohiyo. Alisema si vizuri mguu usiotembea tena kuning'inia juu ya vichwa vya watu wanaofanya kazi. Tulikuwa tukisimama mlangoni, tunawasha kiberiti, fundi mkuu anasema, "Safari njema," majivu yanapulizwa, tunarudi kwenye viti vyetu. Nani leo anamuaga mteja hivyo? Leo mtu anauziwa viatu na kijana ambaye hajamtazama hata usoni, sembuse miguuni, na mvua ya kwanza ikinyesha viatu vinaachama kama mamba.

Uzi alikuwa na mtoto mmoja, msichana. Tulimwita Kijiko kwa sababu alipoanza kutambaa alikuwa na kijiko mkononi, na alipoanza kwenda shule kilikuwa bado mfukoni. Alikuja karakanani kila mchana, akakaa juu ya gunia la vipande vya ngozi, akatugongea soli kwa kijiko chake na kusema, "Hii bado. Hii bado. Hii tayari." Hakukosea sana.

Alipokuwa na miaka tisa aliahidiwa viatu vipya vya siku ya kufunga shule. Siku hiyo mpiga picha angekuja shuleni, na Kijiko hakuwa amepigwa picha hata moja maishani mwake. Baba yake alimchora mguu siku ya Jumatatu. Jumanne mtoto alishikwa na homa, shingo ikakakamaa. Ijumaa tulimzika.

Tuliporudi kazini fundi mkuu alimwuliza Uzi kwa sauti ya chini, "Umeiteremsha?"

"Nimeiteremsha," Uzi akasema.

Alisema kweli. Aliiteremsha kutoka msumari wa mbele. Hakusema ameipeleka wapi, nasi hatukumwuliza. Mtu aliyefiwa na mtoto humwulizi mara mbili.

Mkewe alivumilia miaka miwili, kisha akarudi kwao. Hakumlaumu mtu. Alisema nyumba imekuwa kubwa mno. Uzi hakuoa tena. Alishona. Fundi mkuu alipokufa tuliichoma karatasi yake sisi wawili, na tukaendelea wawili miaka thelathini na zaidi, tukipungukiwa na wateja mwaka hadi mwaka, mpaka kazi ikabaki kubandika soli za viatu vya plastiki ambavyo hata mbwa asingevitafuna. Hapo kazi ilikuwa ya gundi tupu. Uzi alininyooshea viatu hivyo kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya mtegoni. "Hiki ni chako, Profesa."

Ndipo chakula kikaanza kumkwama. Kwanza mkate, kisha wali, kisha hata ndizi mbivu. Alificha miezi mitano, anakunywa uji na kusema ameshiba. Dada yake alipomburuta hospitali, daktari alisema ni saratani ya umio, imeshapanda na kushuka. Wakamlaza, wakampangia mionzi.

Akiwa katika mwezi wa pili wa mionzi, tuliletewa barua kwamba jengo la karakana linabomolewa. Nilipewa siku nne. Nilihamisha peke yangu: mashine, nyundo, miguu ya mti tuliyokuwa tukinyooshea viatu. Kisha nikafika kwenye misumari.

Nilishusha karatasi zote nikazipitia. Kinyozi, amekufa. Karani, amekufa. Karibu wote walikuwa wafu, na sisi wawili kwa uzee na uvivu tulikuwa tumeacha kuwaaga. Niliona haya mbele ya fundi mkuu, ingawa hayupo. Nikasema, kama kila kitu kimekwisha, hiki kimoja na kiishe kwa heshima yake. Niliwasha moto mlangoni nikazichoma moja moja, kila moja na neno lake. Kazi hiyo ilinichukua mchana kutwa.

Chini kabisa ya msumari wa nyuma, ule wa wateja waliohama, nilikuta miguu midogo miwili, na pembeni kijiko.

Niliijua. Sitajificha nyuma ya macho mabovu. Niliitazama nikasema, maskini, aliiweka huku siku ile ya msiba, akaisahau. Nikaona ni wema kumtua mwenzangu mzigo ambao hakumbuki kama anao. Niliichoma ya mwisho, peke yake, nikasema, "Safari njema, mwanangu." Niliporudi wodini sikumwambia. Nilidhani hakuna cha kuambiana.

Sasa mrudi nami kwenye kile chumba cha Jumatano.

Yule binti alikuwa mnasihi, na hospitali ilimwajiri ili wagonjwa wa saratani wasimulie maisha yao ya nyuma. Alisema utafiti umeonyesha kwamba mgonjwa akikumbuka mambo yake, huzuni hupungua na usingizi huja. Nilimwambia bibi yangu alijua hayo bila utafiti. Akanijibu, "Basi mzee, bibi yako angetusaidia sana hapa, maana mimi niko mmoja na wagonjwa arobaini." Hakunijibu kwa ufidhuli. Ndivyo ilivyokuwa.

Kila kikao kilianza na kumalizika kwa karatasi yenye nyuso tano zilizochorwa, kuanzia unaolia hadi unaocheka. Mgonjwa aligusa uso wake wa siku hiyo, binti akaandika.

"Baba, leo uso gani?" alimwuliza Uzi siku ya kwanza.

Uzi aliinamia zile nyuso kama anayekagua mshono. "Hakuna uso wa mtu mwenye kiu?"

"Hakuna, baba."

"Basi weka huu wa katikati. Huu bado haujaamua."

Aliyekaa kando yake, dereva wa lori aliyekatwa kipande cha utumbo, alidakia, "Mimi nipe huo unaolia, ila nipunguzie machozi, watoto wangu watasoma." Mwalimu mstaafu, mama mwenye kitambaa kichwani kilichoficha upara wa dawa, aliwagombeza wote wawili kwa kuchelewesha somo.

Majuma matatu Uzi hakukumbuka chochote. Wenzake walisimulia; yeye alisikiliza, akatema mate kwenye kikopo chake, akagusa uso wa katikati. Juma la tatu binti alisema kila mmoja alete kitu cha zamani ashike mkononi wakati wa kusimulia, na kitu hicho kitapigwa picha kiwekwe katika kijitabu cha maisha yake. Familia itabaki nacho.

Nilipokuwa nikimrudisha wodini kwa kiti cha magurudumu, Uzi aliniambia, "Msumari wa nyuma, wa waliohama. Chini kabisa. Iko karatasi ya Kijiko."

Nilisimamisha kiti.

"Najua sheria," alisema. "Usinianzie mahubiri. Sikuweza, ndugu yangu. Sina picha yake. Sura yake yenyewe sasa naipata nusu nusu. Nikipata macho, mdomo unanipotea. Ile karatasi ndiyo iliyomgusa. Alisimama juu yake. Niletee, nimsimulie mara moja kabla koo halijafunga. Nikishamsimulia, hata mkinizika nayo sawa."

Mwanadamu angeweza kusema wakati ule. Mdomo ulikuwa wangu, hakuna aliyeushika.

"Nitaileta," nikasema.

Nilitafuta karatasi ya kaki ya zamani nikaipata imefungiwa mguu mmoja wa mti. Niliilowesha chai nikaianika. Nilimwita mjukuu wangu, ana miaka tisa, nikamsimamisha juu yake, penseli wima, nikamchora miguu yote miwili. Hakuuliza kwa nini. Alikuwa akiangalia simu ya mama yake. Nilitoboa tundu kwa msumari, nikachora kijiko pembeni, nikaikunja nikaikunjua mpaka ikachoka. Kwa mtu wa kawaida ilikuwa imetimia. Nilisahau kwamba simpelekei mtu wa kawaida.

Jumatano ile dereva alileta ufunguo wa lori. "Gari limekufa, ufunguo mzima," alisema. "Kama mimi na mdomo wangu." Mwalimu alileta kengele ya shule, akaipiga mara moja tu, na wauguzi wawili wakaja mbio wakidhani kuna aliyezidiwa. Tulicheka, hata mimi. Kisha zamu ikafika kwa Uzi, nami nikampa karatasi.

Aliipokea kwa mikono miwili akaiweka magotini. Fundi viatu hautazami mguu kwa macho. Aliweka kidole gumba kwenye kisigino cha mguu wa kulia akaanza kupanda nao upande wa ndani, polepole, juu ya mstari wa penseli. Kidole kilifika kwenye upinde, pale ambapo mguu hauigusi ardhi, kikasimama. Kikarudi kisiginoni. Kikapanda tena, kikasimama palepale. Uzi aliinua macho akanitazama, si kwa muda mrefu, kisha akawageukia wenzake.

"Huyu ni mwanangu," alisema. Sauti yake ilikuwa imebaki kama ya mlango unaofunguliwa taratibu, ikabidi wote wainame. "Alikuwa na miaka tisa. Nilikuwa namchora mguu nimshonee viatu. Penseli ilipofika hapa, alicheka. Ilimtekenya. Nikamwambia, simama wima, Kijiko, unaniharibia. Akacheka zaidi, akanishika nywele asianguke. Wakati ule nilikuwa nazo. Penseli ikaruka." Alibonyeza kidole. "Hapa. Mstari umeruka kama panzi. Fundi wetu mkuu akasema hiyo imeharibika, chora nyingine. Nikasema nitachora kesho. Sikuchora. Kesho yake aliamka na homa."

Mstari uliokuwa chini ya kidole chake ulikuwa umenyooka kama reli. Mjukuu wangu hatekenyeki.

Aliendelea. Alisimulia gunia la ngozi, kijiko, hii bado hii bado hii tayari. Alisimulia jinsi mtoto alivyokuwa akilala na mguu mmoja nje ya shuka hata wakati wa baridi. Mimi mwenyewe, niliyekaa naye chumba kimoja miaka yote ile, mengi sikuwa nayajua. Mwalimu alilia wazi. Dereva alijifanya anatafuta kitu chini ya kiti. Binti aliacha kuandika. Alipokumbuka kazi yake, alitoa simu akaipiga picha ile karatasi magotini mwa Uzi, na kidole juu yake.

"Sasa uso gani, baba?"

Uzi aligusa ule unaocheka kuliko yote.

Nilimsukuma kwenye ujia mrefu wa hospitali. Nilikuwa nyuma yake, nikiona kisogo tu, na mishipa miwili ya shingo iliyobaki peke yake.

"Umechagua kicheko," nikasema mwisho.

"Binti naye ana wakubwa wake. Nimharibie kazi kwa nini?" Tulipita chumba cha dawa, tukapita mizani. "Uliichoma lini?"

Nilimwambia siku.

"Uliijua kuwa ni yake?"

"Niliijua."

"Ukasema nini?"

"Nilisema safari njema."

Tukafika mlango wa wodi. "Na hii miguu ya nani?"

"Ya mjukuu wangu."

"Ana miguu mizuri," alisema. "Nirudishe kitandani. Kisha usije tena."

Nilikwenda hata hivyo. Majuma matatu nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, kama mtu anayesubiri majibu. Dada yake alinikuta hapo akiwa na chupa ya uji.

"Umemfanya nini ndugu yangu, Profesa? Anageukia ukuta. Hata maji namlazimisha."

Nilimweleza. Yeye hana simile. Alinipa yote niliyostahili na mengine ya akiba. "Miaka hamsini unasoma magazeti," alimalizia, "na hukuwahi kukuta mahali pameandikwa kwamba mtu huulizwa kwanza?" Kisha akaketi kando yangu, akanimiminia uji kwenye kifuniko cha chupa.

Binti naye alikuja. Uzi alikuwa ameacha kuhudhuria Jumatano na hakumwambia sababu, kwa hiyo nilimwambia mimi. Nilitegemea aseme maneno ya chuoni. Alitia kalamu mdomoni, kama mtoto aliyekwama hesabu.

"Mnafundishwa kitu gani juu ya watu kama mimi?" nikamwuliza.

"Hatufundishwi, mzee. Kuna mstari mmoja tu, unasema ndugu na marafiki washirikishwe katika kuleta vitu." Alifuta miwani yake. "Kosa ni langu pia. Niliwaambia wakumbuke, sikuwaza kwamba wengine watakikumbuka kitu na kukikuta hakipo tena. Ile picha iko kwenye kijitabu chake. Niitoe?"

"Usiniulize mimi. Mimi nimeshatoa vya kutosha."

"Basi nitamwuliza mwenyewe," akasema, na akaingia.

Hakuniambia alijibiwa nini. Juma lililofuata, siku ya Jumanne, dada yake Uzi alinipigia simu. "Anakuita. Uje na penseli. Amesema si kalamu, penseli."

Nilifika saa nne asubuhi. Kitanda kilikuwa karibu kitupu; ulilazimika kutafuta mtu ndani ya shuka. Macho tu ndiyo yaliyokuwa na ukubwa wa zamani. Ile karatasi ya uongo ilikuwa kifuani pake, upande usiochorwa ukiwa juu, na chini yake ubao wa kuwekea chakula.

"Vua kiatu," alisema.

"Kipi?"

"Cha kulia. Wa kushoto sina nguvu nao."

"Hapa? Kitandani?"

"Ulitaka nishuke?"

Dada yake alikwenda kusimama mlangoni. "Muuguzi akiwakuta mimi simo," alisema bila kugeuka. "Wazee wawili hamna hata aibu."

Nilivua kiatu na soksi. Nilishika nguzo ya dripu, nikapandisha mguu wangu wa miaka sabini na mitatu juu ya kitanda cha wagonjwa, juu ya ubao, juu ya karatasi. Uzi alishika penseli. Aliisimamisha wima kwanza, akaikagua, ndipo akaanza kwenye kisigino. Mstari ulikwenda kama njia ya sisimizi. Alikuwa akipumzika kila baada ya vidole viwili. Sisi mafundi hatukuwahi kuchorana. Tangu ujana wetu tulivaa viatu ambavyo wateja hawakurudi kuvichukua. Yeye ndiye mtu wa kwanza kunichora mguu.

Alipomaliza vidole akageukia upande wa ndani. Ilipofika kwenye upinde ile penseli ilinitekenya, nami, Mungu anisamehe, nikacheka. Nilicheka kama mwehu, machozi yananitoka, nguzo ya dripu ikitikisika. Penseli iliruka.

"Simama wima," Uzi alisema. "Unaniharibia."

Alifunga mstari kwenye kisigino. Kisha akafikiri alama. Nilidhani atachora gazeti. Alichora kitu kidogo cha pembe nne, na pembeni yake kijiti chenye kichwa, akanigeuzia nione. Kilikuwa kiberiti.

"Nikisikia umekufa nitaichoma siku hiyohiyo," alisema. "Ndiyo sheria."

"Na ukitangulia wewe?"

"Basi utaning'inia."

Dada yake alicheka mlangoni, au alilia. Alikuwa amenipa mgongo. Uzi aliniambia kwamba ile picha ya kijitabuni ibaki. Amemwagiza binti aandike chini yake kwamba huu si mguu wa Kijiko. Nikamwuliza, sasa ya nini kubaki?

"Wajue kwamba wa kwake ulikuwapo," alisema. Maneno hayo yalimchosha. Alifumba macho akaonyesha kwa kidole juu ya kitanda. "Tundika."

Dada yake alichukua karatasi, akalipitisha lile tundu la msumari, tundu nililolitoboa mimi kwa ajili ya kudanganya, kwenye ndoano ya nguzo ya dripu, kando ya mfuko wa maji. Nikavaa soksi, nikavaa kiatu. Nilimuaga, hakuitika, lakini kidole kiliinuka kidogo juu ya shuka.

Mlangoni niligeuka. Feni ya wodi ilikuwa ikiizungusha ile karatasi taratibu, miguu ya mjukuu wangu, kisha mguu wangu, kisha miguu ya mjukuu wangu. Na Uzi chini yake alikuwa amefungua jicho moja akiitazama, kama mtu anayehesabu kazi iliyobaki.